Tunaishi Esteti, Hatuna Estate

Kila Ijumaa Gazeti Rasmi la Kenya likitoka huwa na kurasa na kurasa za matangazo ya mirathi. Tafuta nakala moja usome. Kila tangazo linataja jina la marehemu, alifariki lini na wapi, nani ameomba kusimamia mali yake, na siku ngapi amepewa mwenye pingamizi ajitokeze. Kwa Kiingereza cha mawakili mali hiyo yote huitwa "estate" ya marehemu. Shamba la Murang'a, hisa mbili tatu, akiba ya sacco, ploti ya Ruai, gari lililokaa juu ya mawe tangu Kibaki akiwa rais: ukivikusanya pamoja, hiyo ndiyo estate ya fulani.

Sasa toka hapo uende steji. Makanga anaita Jericho, Buru, Umoja. Muulize abiria yeyote anakaa esteti gani, atakujibu bila kufikiria. Neno ni lilelile. Lakini chukua mzee aliyeishi Maringo miaka hamsini, akalipa kodi ya nyumba kwa baraza la jiji na baadaye kwa kaunti, akalea watoto saba ndani ya vyumba viwili. Siku akifa, ile nyumba ya esteti haimo kwenye estate yake. Watoto wake wataenda kortini kugawana kabati na redio.

Kuna watu watasema haya ni maneno tu, Kiingereza kina mambo yake. Mimi nasema hapo kwenye neno ndipo tulipopunjwa. Waingereza walileta Nairobi neno lenye maana nyingi, na karibu zote zinahusu kumiliki. Sisi tukapewa maana moja, ile isiyo na karatasi. Miaka mia baadaye bado tunaitamka kwa kujigamba: mimi ni msee wa esteti. Sawa, ni wa esteti. Estate yako iko wapi?

Tuanze na neno lenyewe. Lilitoka kwa Kilatini, likapitia Kifaransa cha kale kabla ya kufika Uingereza. Mwanzoni lilimaanisha hali ya mtu, yaani amesimama wapi kwenye jamii. Limezaliwa pamoja na "status", hadhi, na "state", dola. Ndiyo maana Waingereza wakieleza historia ya Ufaransa kabla ya mapinduzi ya 1789 hutumia neno hilo kwa yale matabaka matatu: makasisi, makabaila, na wengine wote waliobaki. Ndiyo maana pia waandishi wa habari huitwa "estate" ya nne, au kama wahariri wetu wanavyopenda kusema, mhimili wa nne.

Kwa Mwingereza wa zamani hadhi ilipimwa kwa ardhi, kwa hivyo neno likahama kutoka kwa hadhi hadi kwa ardhi yenyewe: jumba la bwana mkubwa pamoja na maelfu ya ekari zinazolizunguka. Kwenye makoloni likawa shamba kubwa la chai au kahawa. Kwa mawakili likawa mali yote anayoacha mtu akifa. Kwa madalali likawa biashara ya kuuza nyumba na ardhi. Hata gari lenye buti refu, lile sisi tuliita steshen wagon, Waingereza huliita gari la estate, kwa sababu lilihusishwa na watu wenye majumba ya mashambani. Mwisho wa foleni, kwenye karne ya 20, ndipo neno likaja kumaanisha pia nyumba nyingi zilizojengwa pamoja kwa mpango mmoja, hasa zile ambazo mabaraza ya miji yaliwajengea wafanyakazi.

Angalia sasa Kiswahili kinavyofanya. Nyumba zetu ni mtaa. Mali ya marehemu ni mirathi. Kahawa iko shambani. Tabaka ni tabaka. Biashara ya majengo, tukiongea kiofisi, ni biashara ya mali isiyohamishika. Hayo ni maneno tofauti kabisa na hakuna linalokukumbusha jingine. Siilaumu lugha yetu. Imepanga vitu vizuri, kila kimoja kwenye rafu yake. Lakini kwa sababu hiyo tunaweza kuzeeka mtaani bila kujiuliza mtaa na mirathi vinahusiana vipi. Kiingereza kinajua vinahusiana. Ni vile tu hakuna aliyekuja Kaloleni kutuambia.

Tuone sheria inasema nini. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, ilianza kutumika 1981. Ukiifungua, karibu na mwanzo kabisa utakuta imeeleza neno hili. Kwa lugha ya kawaida inasema estate ni mali huru ya marehemu, na mali huru ni ile ambayo mtu alikuwa na uwezo wa kisheria wa kuitoa apendavyo wakati wa uhai wake. Soma hiyo mara mbili. Kama hukuwa na uwezo wa kuitoa ukiwa hai, haikuwa yako, na hutaiacha ukifa. Mpangaji wa nyumba ya kaunti hana uwezo huo. Anaweza kupaka rangi, kubadilisha mlango, kupanda mwembe na kukaa chini ya kivuli chake miaka thelathini. Kuitoa hawezi. Kwa hivyo mtu anaweza kuishi kwenye esteti maisha yake yote na asiwe na estate hata ya shilingi kumi, na kwa mujibu wa sheria hakuna kosa lililofanyika.

Hali hii ilipangwa. Mwaka 1915 serikali ya kikoloni ilipitisha Sheria ya Ardhi ya Taji, na walowezi wakaanza kupewa mashamba kwa mikataba ya miaka 999. Hapo mlowezi alipata estate kwa maana zake zote: shamba, hadhi, mali ya kuuzwa, kitu cha kuachia watoto na wajukuu wa wajukuu. Mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya kuwasajili wanaume Waafrika, ile iliyozaa kipande, na baada ya vita vya kwanza vya dunia wakaanza kukivaa shingoni. Mwenye kipande alikuja Nairobi kufanya kazi. Kazi ikiisha, arudi kwao. Mji haukuwa wake, ulikuwa mahali pa kulala kati ya zamu moja na nyingine. Ndiyo maana nyumba za wafanyakazi wa wakati huo zilihesabiwa kwa vitanda. Mtu alikodi nafasi ya kulala. Mke na watoto hawakuwa kwenye hesabu.

Na usidhani Waafrika wa Nairobi hawakujua kujenga. Pangani ya zamani ilikuwa kijiji cha watu waliojijengea, na kati ya wenye nyumba walikuwamo wanawake wengi waliopangisha vyumba na kuishi kwa kodi yao. Mwishoni mwa miaka ya 1930 wakubwa wa mji walikibomoa, na watu wakahamishiwa Shauri Moyo, kwenye nyumba za baraza. Kwa kubomoa kijiji kimoja, mwenye nyumba akageuzwa mkaaji.

Kisha likaja wimbi kubwa. Kaloleni ilijengwa miaka ya 1940, na ilisifiwa kwa bustani zake na ukumbi wake, ule ambao Tom Mboya na wanasiasa wengine walikuja kuutumia kuhutubia watu. Mpango mkuu wa jiji wa 1948 ulichora Nairobi ya mji mkuu wa kikoloni, wafanyakazi wakiwa upande wa mashariki karibu na reli na viwanda. Miaka ya 1950 zikaongezeka Bahati, Mbotela, Ofafa na nyingine. Majina hayo mawili ya mwisho ni ya watu, Tom Mbotela na Ambrose Ofafa, waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau, Mbotela 1952 na Ofafa 1953. Wakoloni walikuwa tayari kutupa majina ya kila aina. Mengine ni matamu kabisa: Starehe, Bahati, Maringo, Jerusalem, Jericho. Kitu kimoja hawakutoa, nacho ni karatasi. Mlowezi wa Kiambu alikuwa na miaka 999. Mkaaji wa Bahati alikuwa na mwezi kwa mwezi, na tarehe 24 Aprili 1954, Operesheni Anvil ilipoanza, aliona jinsi mwezi unavyoweza kuisha asubuhi moja tu. Maelfu ya watu walitolewa kwenye esteti hizi wakapelekwa kambini, na nyumba zikabaki za baraza kama zilivyokuwa jana yake.

Hiyo ni serikali ya mkoloni. Uhuru ulikuja 1963. Swali gumu ni hili: mbona baada ya hapo mkataba wa Jericho haukubadilika?

Jibu ninalosikia mara nyingi ni kwamba jiji halikujua njia nyingine. Si kweli. Miaka ya 1970 jiji lilishiriki kujenga Buruburu, awamu kwa awamu, kwa pesa za shirika la maendeleo la Uingereza, na nyumba zikauzwa kwa mikopo ya kulipwa polepole. Miaka hiyohiyo, Dandora ikapimwa viwanja karibu 6,000 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na watu wa kipato kidogo wakapewa ploti zenye maji na choo wajijengee wenyewe. Kwa hivyo jiji lilijua. Lilijua mtu wa Eastlands anaweza kumiliki. Lilichagua nani.

Matokeo unayaona ukitembea kwa miguu kutoka Jericho hadi Buruburu, mwendo wa dakika chache tu. Baba wa Buru akifa, watoto wanapeleka hati kortini. Wanaweza kugombana, na wengi hugombana, ndugu hawasalimiani miaka kumi kwa sababu ya mesoneti ya awamu ya tatu. Lakini kuna kitu cha kugombania. Wanauza, wanapangisha, wanachukua mkopo wa kusomesha mdogo wao. Baba wa Jericho akifa, mtoto anaenda ofisi ya nyumba kuomba jina libadilishwe kwenye rekodi ya kodi. Anaomba tu. Anaingia na shikamoo nyingi na bahasha, kwa sababu hakuna sheria anayoweza kuiweka mezani akasema, hii ni haki yangu. Wazee wawili, majirani, walifanya kazi Industrial Area ileile kwa mishahara inayokaribiana. Tofauti ya wajukuu wao leo imetoka kwa maana ya neno moja.

Sasa turudi kwa ile mali isiyohamishika, maana hapo ndipo mambo yanaiva siku hizi. Kaunti ya Nairobi iko na mipango ya kubomoa esteti zake kuukuu na kujenga maghorofa. Pangani imeshapitia, nyumba za kaunti zilizokuwa pale zikaangushwa kupisha fleti mpya, ikiwa ni mara ya pili jina la Pangani kufukiwa chini ya mpango wa wakubwa. Maringo, Bahati, Jericho, Ziwani, zote zimetajwa kwenye foleni. Serikali kuu nayo ina Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, na kila mwenye payslip anajua asilimia 1.5 ya mshahara wake inaenda huko kila mwezi, mwajiri akiongeza kiasi hichohicho. Kote huko utasikia neno riloesteti. Ardhi ya Eastlands iko karibu na tao, ina barabara, ina reli, ina maji yakikubali. Imekuwa dhahabu. Mali isiyohamishika. Wanaohamishika ni wakaaji.

Muthurwa inatupa somo. Zile zilikuwa nyumba za reli, na ardhi yake ikaangukia mikononi mwa mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa reli. Wapangaji walipoanza kufukuzwa 2010, walienda Mahakama Kuu wakitumia Katiba mpya. Mwaka 2013 mahakama ilikubali kwamba haki zao za kikatiba zilikuwa zimekiukwa, ikiwemo ile ya makao iliyo kwenye kifungu cha 43. Huo ulikuwa ushindi, na mtu yeyote anayeishi kwenye nyumba ya umma anafaa kuujua. Lakini angalia walishinda nini. Walishinda haki ya kutofukuzwa kinyama. Hawakushinda nyumba. Mahakama haingeweza kuwapa estate, kwa sababu kisheria hawakuwahi kuwa nayo. Kuna tofauti kubwa kati ya kuambiwa "utatolewa kwa heshima" na kuambiwa "hapa ni pako".

Wanaonipinga wana hoja, na zingine ni nzito. Nitazitaja zenye uzito.

Ya kwanza: hawa watu wa nyumba za kaunti wamekula raha. Wanalipa kodi kidogo ambayo huwezi kupata chumba cha mabati nayo Mukuru, halafu wamejenga vibanda uani na kuvipangisha kwa bei ya soko. Ni kweli. Pita Jericho au Uhuru uone. Kuna mathe anayelipa kaunti pesa kidogo na kupokea mara kadhaa ya hizo kutoka kwa mabati manne. Lakini jiulize, kwa nini alijenga mabati badala ya ghorofa nzuri ya mawe? Hakuna mtu mwenye akili anayejenga kwa mawe kwenye ardhi ambayo anaweza kuambiwa aondoke. Vibanda ndivyo vinavyoota pale ambapo watu wana nguvu ya kujenga na hawana karatasi. Na wale wapangaji wa mabati pia ni watu. Wengine wana miaka ishirini pale, na mpango wowote unaowataja wenye rekodi peke yao utawaruka.

Ya pili: umiliki haukuleta pepo. Nenda Dandora uone ploti zilizouzwa kwa matajiri, au Umoja Innercore na Pipeline, ambapo mwenye ploti amejenga hadi jua limekataa kuingia. Hii nayo ni kweli, na nisingependa Maringo ikawa Pipeline. Uingereza kwenyewe kuna funzo. Mwaka 1980 bunge lao lilipitisha sheria iliyowapa wapangaji wa nyumba za mabaraza haki ya kununua nyumba zao kwa bei iliyopunguzwa kulingana na miaka waliyokaa. Nyumba zaidi ya milioni moja ziliuzwa. Nyingi baadaye ziliangukia mikononi mwa watu wanaopangisha, na mabaraza yakabaki na nyumba chache za kuwapa maskini waliofuata. Lakini sheria hiyohiyo ilifanya jambo jingine ambalo huku halisemwi sana. Ilimpa mpangaji wa baraza ulinzi wa kisheria asitolewe ovyo, na akifa, mwenzake au mtu wa familia aliyeishi naye angeweza kurithi upangaji wenyewe. Kwa hivyo kuna njia ya kati. Unaweza kuacha nyumba ikiwa ya umma na bado ukampa mtu haki ambayo mtoto wake ataishika. Wale waliotuletea neno walishalirekebisha kwao. Sisi tumebaki na toleo la 1948.

Ya tatu ndiyo inayoniudhi, kwa sababu inatoka vinywani mwetu wenyewe. Ni lile swali: kwenu ni wapi? Unajibu, Jericho. Hapana bana, kwenu kabisa kabisa. Unajibu tena, Jericho, baba yangu alizaliwa Jericho. Mtu anacheka, anangoja utaje Siaya ama Machakos ama Nyeri. Tunaulizana hivyo matangani, kazini, kwa ofisi ya chifu, hata kwa deti ya kwanza. Mzee akifa tunachanga ya basi la kumpeleka ocha, kwenye shamba ambalo wajukuu hawajui mpaka wake uko wapi. Sipingi ushago. Mwenye ushago ana bahati, na aende akalime. Ninachopinga ni ile imani kwamba kila mtu wa Nairobi ana mahali pengine pa kweli, na hapa mjini amepita tu. Hiyo imani ndiyo ilikuwa sera ya kipande. Mkoloni alihitaji bunduki na sheria kutuaminisha kwamba sisi ni wageni Nairobi. Siku hizi tunaambiana wenyewe, bure, kwa utani.

Na ni imani inayowasaidia watu fulani. Ukishakubali kwamba kwenu ni kwingine, tingatinga likija huna cha kusema zaidi ya kuomba muda wa kufunga virago. Tazama upande wa pili wa jiji. Runda ilikuwa shamba la kahawa, estate kwa maana ya mlowezi. Ikakatwa viwanja ikawa esteti ya kuishi, na kila kiwanja kikaenda na hati yake. Tatu City, huko Ruiru, nayo imejengwa juu ya mashamba ya kahawa. Pale neno lilihama kutoka maana moja hadi nyingine bila kuangusha umiliki njiani. Hakuna anayemuuliza mtu wa Runda kwao kabisa ni wapi kabla ya kumlipa fidia. Geti lake linaandikwa "estate" na korti inasoma "estate" na zote mbili ni zake.

Kwa hivyo tunataka nini? Sitaki kubomoa kusimame milele. Paa za asbesto na mabomba yaliyooza si urithi wa kujivunia, na mji unaoendelea kujaa unahitaji kupanda juu. Nataka mambo matatu, na yote yanaweza kuandikwa kwenye ukurasa mmoja.

Kwanza, orodha. Kabla ya nyumba hata moja kuguswa, kaunti itoe hadharani majina ya kila anayeishi kwenye esteti hiyo, wenye rekodi, wenzi wao, watoto wakubwa waliokulia hapo, na wapangaji wa mabati. Ibandikwe ukumbini, watu waisome, wapinge, warekebishe. Tumeona majina ya watu wasiowahi kulala mtaani yakiingia kwenye orodha za nyumba mpya. Dawa yake ni mwangaza.

Pili, miaka ihesabiwe. Kila mara wakaaji huahidiwa nafasi ya kwanza. Nafasi ya kwanza ya kufanya nini? Ya kununua, kwa amana na mkopo, kama mtu aliyeshuka kwenye basi jana. Familia iliyolipa kodi miaka arobaini ilishalipia mawe hayo zamani. Na ardhi yenyewe, kwa mujibu wa kifungu cha 62 cha Katiba, kaunti haiimiliki kama duka lake. Ardhi ya umma iliyo chini ya kaunti inashikwa kwa amana kwa niaba ya wakaazi wa kaunti hiyo. Mwenye kushika amana akiigeuza kuwa mtaji wa mwekezaji, thamani ya ardhi lazima ihesabiwe upande wa wale anaowashikia. Iwe ndiyo malipo ya kwanza ya nyumba zao.

Tatu, na hili ndilo la msingi, karatasi itangulie tingatinga. Karatasi iliyotiwa sahihi, yenye jina, nambari ya nyumba utakayorudi, na sentensi moja inayosema haki hii inarithiwa. Iwe umiliki au iwe upangaji wa kudumu, hilo tunaweza kujadili. Kurithiwa hakujadiliwi. Ahadi ya mheshimiwa kwenye mkutano wa hadhara hairithiwi. Meseji ya WhatsApp kutoka kwa mwenyekiti wa wapangaji hairithiwi.

Mikutano ya kukusanya maoni itakuja, kama haijafika kwenu bado. Wataleta viti vya plastiki, soda, na picha za maghorofa yenye miti ambayo haipo. Watatumia neno "estate" mara nyingi sana, na watalitumia kwa Kiingereza. Usibishane na picha. Mngoje shosho amalize kuuliza ya maji, halafu inua mkono, salimia wazee, na uulize swali moja: nikifa, nyumba hii itaingia kwenye estate yangu? Jibu ni ndiyo au hapana. Wakianza kuzunguka, rudia. Na wakisema ndiyo, waambie waandike hapohapo, kabla soda haijaisha.